Makopo ya Nje kwa Biti Athumani

Mvua ya siku ile bado naikumbuka, mjukuu wangu Sauda, maana ilianza alfajiri, na hadi watu wanatoka kutafuta chai ilikuwa haijapumzika. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nguvu za punda na akili za kuku, nikimsaidia shangazi yangu kwenye mgahawa wake pale Mahurunga. Jina lake Esha, lakini kijiji kizima kilimwita Biti Athumani. Mgahawa wenyewe ulikuwa banda la makuti kando ya barabara, mahali ambapo watu waliovuka Ruvuma walingojea lori la kwenda Mtwara mjini. Tuliuza chai, vitumbua, maharage na mihogo ya kuchemsha. Kibanda kidogo, lakini ndicho kilichotulisha watu saba, na mmoja wao mimi.

Ndani tulikuwa na meza mbili, mabenchi manne, na vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Nje, kwenye nguzo ya upenuni, kulikuwa na misumari, na kwenye misumari yalining'inia makopo ya maziwa yaliyokatwa mdomo na kugongwagongwa ukingo yasije yakamchana mtu. Yale yalikuwa ya watu wa ng'ambo, Msumbiji. Mtu wa ng'ambo akifika, haambiwi neno. Anatwaa kopo mwenyewe, anamiminiwa chai, anakaa kwenye gogo la mnazi lililolazwa nje, akimaliza anasuuza kwa maji ya pipa na kulirudisha msumarini. Nani aliyeanzisha? Hakuna aliyejua. Migahawa yote mitatu ya pale ilikuwa na misumari yake. Ungetuuliza sababu, tungekujibu kwamba wale wanakula panya na sisi ni Waislamu, hatuchanganyi vyombo. Tulisema hivyo bila kupepesa macho, na mle mle kijijini mwetu kulikuwa na wazee ambao ukiwauliza ujanani walikuwa wanachoma nini shambani, wanaanza kukohoa.

Haya nakueleza kwa sababu ya Ijumaa iliyopita. Usikunje uso. Ningetaka kukugombeza ningekugombeza palepale, unanijua. Nilikuwa nimekaa mapokezi kwenye gesti yako ya Shangani, hapa Mtwara, nangojea kupelekwa kuangaliwa macho, na macho yangu hayajafa kiasi cha kutoona. Waliingia mama mmoja na binti yake, Kiswahili chao cha ng'ambo, mizigo yao kwenye viroba. Wakaomba chumba. Kijana wako wa mapokezi akawaambia vyumba vimejaa, na nyuma yake funguo sita zinaning'inia ukutani. Wakashukuru, mwanangu. Wakasema ahsante, wakatoka. Nilipokuuliza ukaniambia, "Bibi, wageni wengine hawapendi, na hao huwa na mambo mengi." Kisha ukasema Jumatatu wenye gesti mnakutana kuipinga ile sheria ndogo ya halmashauri inayotaka kuwakataza kumrudisha mteja kwa sababu ya kabila, dini au anakotoka. Ukasema gesti ni yako, na sheria haiwezi kukuamulia nani alale kwako.

Sikukujibu siku ile. Nilikuwa narudi Mahurunga kichwani.

Siku ya mvua, basi, walikuja mume na mke. Ilikuwa miaka ile ya vita vya ng'ambo, watu wakivuka kwa mitumbwi kila kukicha. Mume alikuwa mgonjwa wa homa, anatetemeka mpaka meno yanagongana, na mkewe anamshika kiunoni asianguke. Walikuwa wanampeleka hospitali mjini. Mke alikuwa na chale usoni, toka paji la uso hadi kidevuni, za kizamani kabisa. Akanisalimu kwa Kimakonde, kwa adabu, na kuomba mumewe akae ndani kidogo mpaka lori lije, maana nje ananyeshewa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipo. Bibi mzaa mama yangu alizaliwa ng'ambo. Naye usoni alikuwa na chale vilevile. Ndiye aliyenilea mpaka nikafika miaka saba, na Kimakonde nilikijua kabla sijajua kusema "shikamoo". Yule mama nilimsikia neno kwa neno. Lakini ndani kulikuwa na wateja, watu wa heshima, na mmoja alikuwa na kijana wake niliyekuwa namwonea haya. Nikajifanya simwelewi. Nikanyoosha kidole kwenye msumari, yaani kopo lile pale, kisha nikageuka kama nina kazi nyingi. Nyani haoni kundule, mwanangu, lakini mimi langu nililiona, nikalifunika kwa kanga.

Yule mama akaenda msumarini. Akachukua makopo mawili. Akamkalisha mumewe kwenye gogo, akavua kitenge cha juu akamfunika nacho kichwani, na kitenge kikaloa mara moja. Mume alishika kopo kwa mikono yote miwili, na bado chai ilimwagika.

Ndani alikuwamo Maalim Selemani, aliyekuwa akituswalisha Ijumaa na kufundisha watoto Kurani chuoni. Mzee mkimya, mwembamba, kikohozi chake kikitangulia hodi yake. Akaniita. "Somoe, yule mgonjwa umemweka mvuani kwa nini?"

Nikamjibu, "Wa ng'ambo yule, Maalim." Nilijibu hivyo nikadhani nimejibu.

Akaacha kikombe chake cha bati nusu, akainuka, akatoka. Nikamwona anatungua kopo msumarini. Akarudi nalo mlangoni akalinyoosha nimmiminie chai. Nikafikiri ananitania. "Maalim, hilo ni la—" Akaniuliza, "La nani?" Nikamimina. Akaenda kukaa kwenye gogo kando ya yule mgonjwa, akafungua mwavuli wake akamkinga yeye, mwenyewe bega moja likiloa, akanywa chai yake taratibu kama yuko kwake. Lori lilipokuja ndiye aliyesaidia kumpandisha mgonjwa, na mwavuli akawaachia.

Tungesema mzee kaamka vibaya, yakaisha. Kesho yake akaja tena, akatungua kopo, akakaa nje. Keshokutwa hivyohivyo. Jua linawaka, yuko kwenye gogo. Siku ya nne shangazi alishindwa kuvumilia. Mwalimu wa watoto wote wa kijiji anakaa nje ya mlango wako kama kuku wa jirani, watu watasema nini? Akatoka akamsihi aingie.

Maalim akamwambia, "Biti Athumani, chombo huoshwa kwa maji, na maji unayo. Mimi leo siku ya nne nanywea hili kopo. Kama ni najisi, Ijumaa mtafute mtu mwingine wa kuwaswalisha. Kama ni safi, nieleze linafanya nini nje."

Kisha Maalim akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Na wewe Somoe. Bibi yako, Mungu amrehemu, nilimjua. Angefufuka leo akaja hapa kunywa chai, ungempa kopo lipi?"

Nilikwenda jikoni nikajidai moshi umeniingia machoni. Nililia hasa, mwanangu. Yule bibi ndiye aliyekuwa akinitafunia karanga nilipokuwa sina meno.

Jioni ile shangazi aliyatungua makopo, na misumari yenyewe akaipinda kwa jiwe. Ukidhani hadithi inaishia hapo kwa furaha, hujawahi kuendesha mgahawa. Maana wateja walianza kupungua. Hawakugombana nasi, la. Walikuwa watu wema, ndio waliomzika baba yangu na kulala matanga kwetu siku tatu. Ukikutana nao njiani wanakwambia, "Leo nimekunywa nyumbani," halafu unawaona kwenye mgahawa wa Mzee Chande, upande wa pili wa barabara, ambako makopo bado yapo. Kila mmoja akimwogopa mwenzake: sina neno na watu wa ng'ambo, lakini fulani akiniona nimekaa nao benchi moja atasemaje? Tulirudi na vitumbua nyumbani, tukavila asubuhi, tukavila mchana, mpaka wadogo zangu wakawa wakikiona kitumbua wanakimbia. Shangazi alikonda. Usiku mmoja wa kuamkia siku ya soko nilimkuta ameyashika yale makopo mapajani, hajui ayarudishe au ayatupe. Mkono mtupu haulambwi, na watu saba hawali nia njema.

Alipomwendea Maalim kulalamika, Maalim naye alikiri hakuwa na jibu. Yeye alikuwa amekaa nje kwa siku nne tu, na hakuwa na mgahawa. Kwa hilo nilimpenda, mzee asiyejidai anajua kila kitu. Jibu alilipata shangazi mwenyewe, huku akikuna nazi. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Akasema akikaribisha watu peke yake atafunga, lakini wote watatu wakilazimika, wateja watakimbilia wapi? Watakunywa chai au wataacha chai, na watu wa Mahurunga kuacha chai hawawezi.

Basi mkutano wa kijiji ulipoitishwa, shangazi alisimama. Akaikaza kanga yake kiunoni. Alisema hataki kupendwa, na hataki mtu alazimishwe kumpenda mwenziwe. Anataka kama ni benchi, liwe benchi kwa migahawa yote, na kama ni kikombe, kiwe kikombe kimoja kwa kila apitaye barabarani.

Mzee Chande alipinga, na nitakusimulia maneno yake kwa haki kwa sababu ndiyo yako wewe. Alisema mgahawa aliujenga kwa nguvu zake, miti alikata mwenyewe, makuti alisuka mkewe. Leo mnaniamulia kikombe, akasema, kesho mtaniamulia mke. Watu wakacheka, na hakuwa mpumbavu. Ni vibaya mtu kuingiliwa jikoni mwake. Alikuwa na hofu ya kweli kama yetu, watoto wake walikuwa wengi kuliko sisi.

Mwenyekiti wa kijiji alimjibu bila kumdhalilisha. Alimwambia, "Mzee Chande, nyumbani kwako unamkaribisha umtakaye, hatukuulizi. Lakini ukishaweka benchi barabarani ukaita wapita njia, umeita watu. Huwezi kuita watu halafu ukaanza kuchagua nani ni mtu." Wakapitisha. Mgahawa utakaoweka vyombo mbali au kumkalisha mteja nje kwa asili yake, ufungwe siku saba. Mlevi, mgomvi, mwenye kuvunja vyombo, huyo mtoe, hakuna atakayekuuliza.

Je, mioyo iligeuka? Thubutu. Chande alikubali kwa mdomo, kisha akachukua vikombe kadhaa akavikwaruza msalaba chini kwa ncha ya msumari, ili avijue vya watu wa ng'ambo. Sisi tulijua, tukanyamaza. Lakini vikombe vya mgahawa vinaoshwa kwenye karai moja, vinakaushwa kwenye ubao mmoja, na asubuhi kuna haraka. Haukupita mwezi, mkewe amevichanganya, na Chande mwenyewe nilimwona kwa macho yangu anainua chake kumalizia chai, na chini kuna msalaba. Nilimwambia? Sikumwambia. Nilikuwa na akili za kuku lakini siyo ulimi wa kuku. Na wateja wetu walirudi mmoja mmoja, kimyakimya kama walivyoondoka, wakikaa benchi moja na watu wa ng'ambo na kuulizana habari za mihogo. Kila mmoja alikuwa na kisingizio sasa: si mimi, ni sheria ya kijiji. Yaani sheria iliwapa njia ya kuwa wema bila kuonekana wamebadilika.

Ningekuwa mwongo ningeishia hapo.

Mvua zilipokuwa zinaisha, lori la kutoka mjini lilisimama, akashuka yule mama mwenye chale. Peke yake. Koti la mumewe amelikunja, amelibana kwapani. Sikuhitaji kuuliza. Nilitoka mbio na kitambaa cha mezani bado kiko begani, nikamwamkia kwa Kimakonde, kile kile nilichojifanya sikijui. Nikampa pole. Nikamwambia mama, ingia ndani, ukae benchini, chai ipo, siku hizi ni kikombe kimoja kwa wote. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa majuma, usiku kitandani, jinsi nitakavyomwomba radhi akirudi.

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akaniambia, kwa Kimakonde chake cha polepole, "Nashukuru, binti. Lakini nitakaa pale alipokaa mume wangu."

Akaenda kukaa kwenye gogo. Nilimpelekea chai kwenye kikombe cheupe, nikakaa naye chini. Alipomaliza akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akashika njia ya mtoni. Sijamwona tena mpaka leo, na jina lake sikumuuliza.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wewe si mtu mbaya. Najua umeanzia chumba kimoja, najua gesti ikilala tupu nani anakosa ada ya shule. Unaogopa wageni wako watakuhama, na hofu hiyo naijua ladha yake, ni ya vitumbua vya jana. Lakini ndiyo maana sheria ni rafiki yako wewe kuliko inavyokuwa rafiki wa yule mama wa viroba. Mwenye gesti mwema akiwa peke yake anaumia, na mwenye roho ngumu anakusanya wateja. Sheria ikiwa ya wote, mgeni wako anayechukia watu wa ng'ambo atahamia wapi? Atalala Shangani au atalala barazani. Jumatatu usiende kuipinga. Nenda kasimame kama alivyosimama shangazi yangu.

Kama kuna jambo ndani yake limekaa vibaya, liseme, nalo lirekebishwe. Sema mwenye gesti abaki na haki ya kumtoa mlevi na mharibifu. Kama ni kitambulisho, dai kwa kila mtu, anayetoka Dar na anayetoka ng'ambo, na asiye nacho mpeleke kwa mjumbe umsaidie, usimdanganye kwamba vyumba vimejaa. Mkatae mtu kwa alilotenda. Kwa alikozaliwa, huna ruhusa, maana hata yeye hakuulizwa. Na usisahau wewe ni kilembwe cha bibi yangu mwenye chale, hata kama ukoo wetu siku hizi wanapenda kuhesabu upande wa Mikindani tu.

Watu watakwambia sheria haibadilishi moyo, na mimi nakubali. Moyo wangu ulibadilishwa na Maalim na swali lake. Lakini ulipogeuka, yule mgonjwa alikuwa amekwisha kunyeshewa. Mimi nilihitaji siku nne kuwa mtu, na Chande alihitaji mwezi. Yule bwana alihitaji benchi asubuhi ile. Sheria ingekuwepo siku ile, ningemkalisha ndani kwa kuogopa kufungiwa, kwa uso uliokunjwa, bila upendo hata chembe, na yeye angekuwa mkavu. Moyo wako, mwanangu, una nafasi ya kujifunza hata uzeeni. Mgeni mlangoni hana nafasi hiyo.

Mungu akukunjulie riziki, Sauda, na akupe wageni wanaoshukuru kwa kupokewa, siyo kwa kufukuzwa. Akujaalie ulimi wa kusema kikaoni na usingizi mwema baada yake. Na umri ukufikishe kwenye uzee kama huu wangu, lakini usiwe na mtu unayemtafuta kila lori linaposimama.